NAIROBI HADI NEW YORK: MWENDO NA SAA
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa niseme machache juu ya safari za ndege, kwa kuwa nimefanya kazi miaka mingi ya kuwapangia watu safari. Sitawachosha, najua chakula ki tayari.

Nachukua safari moja tu, ya Nairobi hadi New York. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kwenda huko moja kwa moja. Kabla ya hapo msafiri alibadilisha ndege njiani. Kutoka kiwanja hadi kiwanja ni kama kilometa 11,800.

Vijana, msiipime njia hii kwenye ramani ya ukutani, maana itawapitisha Nigeria na Mali. Chukueni tufe, mkaze uzi baina ya miji hiyo miwili. Mtaona unapita Sudan Kusini, Chad, Algeria na Moroko, kisha bahari ya Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi. Rubani huifuata kwa karibu, ingawa hupinda kwa ajili ya upepo au anga iliyofungwa.

Ndege kubwa huenda kama kilometa 900 kwa saa. Gawanyeni, mtapata saa 13 na kidogo. Lakini kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama 14. Kule juu, kilometa kumi na zaidi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Aendaye Marekani hupambana nao. Arudiye husukumwa nao.

Ukiondoka Nairobi saa sita usiku, majira ya baridi kule, utafika New York saa moja asubuhi. Usidhani umesafiri saa saba. Wao wako nyuma yetu kwa saa nane, na majira ya joto kwa saa saba. Ukiondoka kule saa sita mchana majira hayo ya baridi, utafika hapa kesho yake saa nne asubuhi. Ukihesabu kwa saa za ukutani ni saa 22, lakini umekaa kitini saa 14.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Kijana mmoja wa kwetu alipata nafasi ya chuo ng'ambo. Wazazi walifanya harambee, ng'ombe wakauzwa, tiketi ikanunuliwa. Iliandikwa tarehe 15, 00:30. Jioni ya tarehe 15 ukoo mzima ulijaa kwenye matatu kumsindikiza. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo! Wengi wetu tukisema usiku wa tarehe 15, twawaza usiku unaofuata mchana wake. Tiketi huanza siku saa sita usiku. Tiketi ya pili ilinunuliwa kwa deni, na chuoni alifika masomo yameanza.

Basi ukiona tiketi imeandikwa 00 au 01, toka nyumbani jioni ya tarehe iliyotangulia. Nanyi wazee mnaowaita watoto warudi kuzika, msihesabu saa 14 tu. Mkianza na saa ya kuondoka ya kule, ongezeni zile saba au nane za tofauti, na saa za kungoja kiwanjani, ndipo mpange siku ya mazishi.