Kuteremshwa Mlimani Si Mwisho wa Safari

Mazungumzo ya wapagazi wa Kilimanjaro mbele ya wanakisomo



Mmetuomba tuwaeleze habari ya mwenzetu aliyeanguka mlimani. Yeye mwenyewe yupo hapa, amekaa benchi la mbele. Ametupa ruhusa tuseme yote, hata yale ya aibu.

Sisi tu wapagazi wanne wa kijiji kimoja. Tunabeba mizigo ya wageni katika Mlima Kilimanjaro. Safari ile mwenzetu alikuwa msaidizi wa kiongozi. Yeye alikwenda na wageni kileleni, kwenye mita 5,895. Sisi tulingoja kwenye vibanda vya Kibo, kwenye mita 4,700 hivi.

Asubuhi wakati wa kushuka, alikanyaga jiwe lenye barafu. Akateleza, akabiringika kati ya mawe. Kijana mmoja akaja mbio kutuita. Tulipofika tulimkuta analia, mguu wa kulia umepinda chini ya goti.

Mmoja wetu alitaka kumwinua mara moja. Kiongozi akasema, "Hapana! Ngojeni kwanza." Akamwuliza kama shingo au mgongo unauma. Akamwuliza kama anasikia vidole vya miguu. Mtu aliyeumia mgongo akiinuliwa ovyo, anaweza kupooza. Alipojibu vizuri, ndipo tukaanza kazi.

Hatukuuvuta mguu. Tuliweka fimbo mbili, moja kila upande, tukazifunga kwa vitambaa juu na chini ya pale palipovunjika. Hatukukaza sana, maana damu lazima ipite. Kila mara tulitazama vidole kama vina joto. Tukamfunika kwa makoti yetu, kwa sababu baridi ya kule humwua majeruhi upesi.

Siku hizi helikopta huweza kuja, lakini siku ile mawingu yalifunga. Basi tukamteremsha taratibu mpaka Kibo. Hapo tukamlaza kwenye machela ya mlimani. Machela hiyo ni ya chuma, ina gurudumu moja chini katikati. Watu hushika mbele na nyuma, wengine hushika ubavuni isipinduke. Kutoka Kibo mpaka Horombo ni kilomita 10 hivi. Kila gurudumu lilipogonga jiwe, alipiga kelele. Tulipokezana mpaka tukafika penye njia ya gari.

Ndugu zetu, siku ile tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa inaanza.

Hospitali walimpasua, wakaunga mfupa, wakamfunga plasta ngumu, ile tunayoiita hogo. Alipotoka alipewa karatasi ya maagizo. Akaiweka chini ya godoro.

Wiki ya sita akachoka. Shamba la migomba limejaa majani. Ada ya watoto haijalipwa. Jirani mmoja akamwambia, "Wewe umekwisha pona. Kata hilo hogo, twende kwa mzee akuchue." Mwenzetu akaomba panga.

Shemeji yetu hakugombana naye. Alitoa karatasi chini ya godoro, akampa mkononi. "Soma wewe mwenyewe, baba watoto," akasema.

Akasoma polepole, neno kwa neno: "Usikanyage mguu mpaka daktari akuambie. Usiingize kijiti ndani ya plasta. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, rudi hospitali mara moja." Akaisoma mara ya pili. Kisha akalia. Akasema, "Na watoto wangu watakula nini?"

Shemeji akaja kutueleza. Jamani, tuliona haya. Tulimbeba mlimani, tukamsahau nyumbani. Jioni ile ile tukakubaliana. Kila mmoja wetu atalima siku moja kwa wiki katika shamba lake. Kila tukirudi safari, kila mmoja atatoa kiasi kidogo cha malipo yake. Tuliandika katika daftari, nani ametoa na nani bado.

Lakini kulikuwa na jeraha jingine. Usiku alishtuka akipiga kelele kwamba mawe yanaporomoka. Mchana hakutaka kuona watu. Wengine walisema eti amerogwa. Mwalimu wetu akasema sivyo; mtu akiponea chupuchupu, moyo nao huumia, unahitaji muda na watu wa kuzungumza nao.

Mwalimu akaenda kumsimulia habari ya Mlima Kenya. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika kilele cha Batian. Wakati wa kushuka jiwe lilibanduka, Judmaier akaanguka akavunjika mguu vibaya. Oelz alishuka peke yake kutafuta msaada, kisha akapanda tena kwa mwenziwe. Judmaier alikaa juu ya mwamba zaidi ya juma moja. Waokoaji wa Kenya walikwenda, na wengine wakaja kwa ndege kutoka Austria. Rubani mmoja wa helikopta alikufa katika kazi hiyo. Lakini Judmaier aliteremshwa akiwa hai, akapona.

Mwenzetu akauliza swali moja tu: "Yule rafiki yake alirudi juu?" Mwalimu akajibu, "Ndiyo, alirudi." Tangu siku hiyo tulikwenda kwake kila jioni kwa zamu. Siku nyingine alizungumza, siku nyingine tulikaa kimya naye.

Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mti wa jembe. Akafanya mazoezi aliyoonyeshwa: kukunja goti, kunyosha, kutembea kwa magongo mawili, kisha gongo moja. Ilichukua karibu mwaka mzima.

Hatutawadanganya. Wakati wa baridi bado anachechemea. Hapandi tena kileleni. Sasa anawafundisha wapagazi vijana jinsi ya kufunga mguu uliovunjika, na shamba lake analilima mwenyewe.

Ndugu wanakisomo, mtu anaweza kuanguka kutoka mlimani, kwenye mwembe au juu ya paa. Siku ya kwanza watu wengi huja mbio. Je, wiki ya sita nani yuko naye? Nendeni mkamtazame. Chukueni na jembe.