Kusi na Kaskazi za Jua



Tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess alipaa kwa puto zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vya mnururisho. Alivyozidi kupanda, ndivyo mnururisho ulivyoongezeka. Akatambua kwamba unatoka nje ya dunia. Tunauita miale ya kosmiki, ingawa kwa kweli ni chembe zenye chaji, nyingi zikiwa protoni.

Je, hutufikia zote? La. Mwaka 1958 Eugene Parker alibashiri kwamba Jua huvuma upepo usiokoma. Leo tunajua upepo huo huenda kilomita 400 hivi kwa sekunde, ukiburuta uga sumaku wa Jua. Na kwa kuwa Jua hujizungusha, uga huo hujisokota mfano wa gamba la konokono. Chembe ngeni ikiingia humo hukumbana na mafundo ya uga, ikapindishwa huku na huku. Yenye nguvu hupenya. Nyingi kati ya dhaifu husukumwa nje.

Tarehe 25 Agosti 2012, chombo cha angani Voyager 1 kilivuka mpaka wa upepo huo, kilomita bilioni 18 hivi kutoka kwenye Jua. Upande wa pili kilikuta miale ya kosmiki imejaa kuliko ilivyo kwetu.

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba pepo hubadilika kwa majira. Jua nalo lina kusi na kaskazi zake. Kila baada ya miaka 11 hivi, ncha zake za sumaku hubadilishana. Katika majira mamoja protoni huingia zaidi kupitia juu ya ncha. Katika majira yafuatayo hupitia karibu na ikweta ya Jua. Ndiyo maana kila miale inapojaa na kufikia kilele, grafu yake mara huwa bapa, mara huchongoka.

Aliyetuonyesha kupwa na kujaa kwa miale hii ni Scott Forbush. Mwaka 1954 alithibitisha kwamba madoa ya Jua, dalili ya uga wake kuchachamaa, yanapozidi, miale hupungua. Madoa yakipungua, miale huongezeka. Ushahidi wake mkuu ulitoka Huancayo, Peru, karibu na ikweta ya sumaku ya dunia. Hapo uga wa dunia yenyewe huzuia chembe dhaifu, zile hasa zinazoyumbishwa na Jua, na mabadiliko yanayobaki ni madogo mno. Forbush aliyaona kwa sababu kipimo kilisomwa bila kukatizwa, mwaka baada ya mwaka.

Wanafunzi wangu, nasi twaishi karibu na ikweta. Msidhani kwamba mahali penye dalili hafifu hapana elimu. Wekeni kipimo, andikeni kila siku, na mtakapostaafu mkabidhi daftari kwa wanaokuja.