Ramani ya Mji ni Urithi wa Wajukuu



Nakuru ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2021. Tulishangilia, nami nilipiga vigelegele. Lakini hati ya jiji haichimbi mtaro wa majitaka. Tazameni tulivyobanwa: kaskazini mlima wa Menengai, kusini ziwa na mbuga ya wanyama. Uchafu wa mitaani huteremkia ziwani. Ardhi ya kupanukia ni haba, hivyo kila kiwanja cha umma kinachonyakuliwa leo ni shule ambayo wajukuu wetu watakosa mahali pa kuijenga.

Katiba ya 2010, kifungu cha 184, yaagiza sheria iwashirikishe wakazi katika utawala wa miji. Basi mpango wa miaka ishirini ukitolewa, tusingoje mwaliko. Twendeni tukausome, tuulize: soko lahamishiwa wapi, na kwa faida ya nani?