Afisa wa Mifugo Anaweza Kusomea Maradhi ya Mlipuko Bila Kuondoka Kipini

Mazungumzo kwa maafisa wa mifugo, maafisa wa afya na wafugaji, Kipini



Watu wa Kipini wanajua jinsi mifugo inavyofuata maji. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa Waorma na Wawardei hushuka kwenye malisho ya delta ya Tana, na makundi mengine hutoka mbali, hata Garissa. Mvua kubwa ikija na mto ukifurika, mbu huzagaa. Mfugaji, mkulima na mvuvi hukutana sokoni na kwenye buchari, na maradhi nayo hupita hapo hapo.

Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki na Pwani. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilizuka Garissa, na Tana River ikawa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Kufikia Machi 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini. Uchunguzi uliofanywa baadaye na wafugaji wa kaskazini mashariki ulionyesha kwamba mifugo iliugua na kutupa mimba kabla ya watu kuanza kuugua. Wafugaji waliziona dalili. Ila taarifa zao zilichelewa kugeuzwa kuwa hatua.

Kuzipokea taarifa hizo, kuzipima na kuzitolea hatua mapema ni kazi ya mtu aliyesomea epidemiolojia ya mifugo na afya ya umma. Ni elimu ya kuuliza ugonjwa umempata nani, wapi, lini na kwa nini. Tuseme daftari la wadi linasema mbuzi 20 wametupa mimba. Kati ya mbuzi wangapi wenye mimba? Wakiwa 400, hao ni 5 kwa kila 100. Wakiwa 40, ni nusu ya kundi, na simu inapaswa kupigwa siku hiyo hiyo. Je, waliotupa mimba walilala karibu na maji yaliyotuama au kwenye nchi ya juu? Swali hilo lina maana, kwa sababu virusi vya homa hiyo huweza kukaa kwenye mayai ya mbu ndani ya udongo mkavu hadi mafuriko yayaangue.

Zamani afisa aliyetaka elimu hiyo alilazimika kufunga virago. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha masomo ya aina hii katika bewa lake la Kabete, na tangu 2004 Kenya ina programu ya kufundisha wataalamu wa epidemiolojia wakiwa nyanjani. Njia hizo bado zipo na ni nzuri. Lakini afisa akiondoka, wadi yake hubaki bila mtu.

Elimu ya masafa inaleta njia nyingine. Chuo cha Royal Veterinary College, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London, hutoa shahada ya uzamili katika fani hii kwa masafa. Mwanafunzi anaweza kuishia kwenye cheti, akaendelea hadi diploma, au akakamilisha shahada yenyewe, kulingana na muda na mfuko wake. Kila kiwango kina thamani yake.

Ugumu upo, na usifichwe. Karo ni kubwa kwa mshahara wa kawaida. Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Jumuiya ya Madola, iliyoko Uingereza, hulipia baadhi ya kozi za masafa, ila ushindani ni mkali na orodha ya kozi hubadilika, hivyo ni vyema kuulizia mapema. Mtandao hukatika, masomo ya wiki nzima yapakuliwe pale unapopatikana. Mwenye cheti au diploma ya afya ya mifugo atahitaji shahada ya kwanza kabla ya uzamili. Na anayesoma usiku baada ya kutwa nzima ya kuchanja ng'ombe anahitaji mkuu wa kazi anayeelewa na jamaa wanaomvumilia.

Faida yake ni kwamba somo la leo linaweza kutumika kesho asubuhi. Akifundishwa kuchukua sampuli, boma liko jirani. Akitakiwa kuandika utafiti, atauliza swali la Kipini, na jibu litabaki Kipini.

Wafugaji nao wana sehemu yao. Mnyama akitupa mimba, msiguse kijusi wala damu kwa mikono mitupu. Msichinje mnyama mgonjwa. Chemsheni maziwa. Mpigieni afisa simu, mkimweleza ni wangapi walioathirika na ni wangapi kundini. Afisa wa mifugo naye amwarifu mwenzake wa zahanati bila kungoja ripoti ya mwezi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mfugaji huyaona mawingu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kipini inahitaji afisa anayejua kuyahesabu, na ambaye bado yuko hapa mvua inapoanza.