Fundi Ameharibu Injini: Tufanyeje?

Juma lililopita tulisoma stakabadhi ya dukani. Leo nitawasimulia habari ya motokaa moja, na ya daftari dogo lililokaa katika mfuko wa shati.

Shemeji yangu ni mchuuzi. Hununua kabichi na viazi Naivasha, akaviuza Nairobi. Mwaka jana alikopa fedha katika chama chake cha akiba, akanunua motokaa iliyokwisha kutumika. Juma la pili tu, alipokuwa akipanda mlima kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru na mzigo wake, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho. Injini ilikuwa inachemsha. Alifanya jambo moja jema: alisimama kando ya barabara, akazima injini, wala hakufungua kifuniko cha rejeta. Wako watu waliofungua kwa haraka, maji ya moto yakawaruka usoni.

Motokaa ilivutwa mpaka gereji. Fundi akaitazama, akasema gasketi ya hedi imeungua. Pengine wengine wenu hamkijui kitu hiki. Fikirini sufuria na kifuniko chake. Chini kuna bloki ya injini, na juu yake kuna hedi, inayoifunika. Katikati huwekwa gasketi, kitu chembamba kinachozuia maji, oili na moto visichanganyike. Ikiungua, kila kimoja huingia mahali pasipo pake.

Fundi alitaka shilingi 35,000. Shemeji, ambaye alikuwa amemaliza darasa kama hili lenu miezi michache tu iliyopita, akatoa daftari lake. Fundi akacheka.

"Mzee, huniamini?"

"Nakuamini, fundi. Lakini kichwa changu kinasahau."

Akaandika polepole, kwa herufi kubwa: GASKETI MPYA. BOLTI MPYA. HEDI IPIMWE. Akaandika tarehe na bei. Fundi akatia sahihi.

Kwa nini hedi ipimwe? Kwa sababu hedi nyingi ni za alumini, na injini ikichemsha sana, hedi huweza kupinda. Jicho halioni, maana upindo wenyewe ni mdogo mno. Fundi mwenye kujua kazi huilaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, akapima nafasi iliyo chini yake. Ikiwa imepinda, hupelekwa kwenye mashine ikasawazishwe. Na bolti nazo zina adabu yake. Hukazwa kwa zamu, kuanzia zile za katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa spana maalumu inayoonyesha nguvu ya mkono. Katika injini nyingi za siku hizi bolti hizo hutumika mara moja tu, kwa kuwa hurefuka zinapokazwa.

Motokaa ilirudishwa jioni ile ile. Siku ya tatu ilianza kutoa moshi mweupe. Maji yalipungua katika rejeta, na oili iligeuka rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi vyuma. Mtu akizidi kuendesha ataua injini nzima. Shemeji aliiegesha motokaa nyumbani, na kabichi zake zikaoza.

Alipomwendea fundi, aliambiwa, "Uliuziwa injini mbovu. Kamlaumu aliyekuuzia." Muuzaji naye akasema, "Aliyeifungua ni fundi wako, mimi simo." Akamwonyesha karatasi ya mauzo: motokaa imeuzwa kama ilivyo. Shemeji alikuwa ametia sahihi karatasi ile bila kuisoma, naye kusoma anajua! Ananiambia kwamba jambo hilo linamuuma kuliko fedha.

Hapo wengi hukimbilia gereji nyingine injini ifunguliwe upesi. Wakisha kufanya hivyo, fundi wa kwanza hupata maneno: "Mwenzangu ndiye aliyeharibu." Kwa bahati, fundi wa pili alikuwa mtu mzima. Alikataa kugusa hata bolti moja mpaka yule wa kwanza aitwe. Basi injini ikafunguliwa mbele yake na mbele ya jirani mmoja. Bolti zilikuwa zile zile za zamani. Hedi ilikuwa imepinda, wala haikuwa na alama yoyote ya mashine. Fundi wa pili akaandika aliyoyaona, akatia sahihi. Shemeji akapiga picha kwa simu yake, akafunga bolti na gasketi ndani ya gunia akaziweka.

Kisha aliandika barua fupi: tulikubaliana hivi, injini imekutwa hivi, nataka shilingi 35,000 zangu katika siku 14, au sivyo nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizo zilianzishwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizwe katika siku 60. Mtu huweza kusimama mwenyewe bila wakili, akajieleza kwa Kiswahili.

Fundi hakungoja mahakama. Alileta shilingi 20,000, na zilizobaki akalipa kwa mara mbili. Gharama ya kusawazisha hedi shemeji aliilipa mwenyewe, maana hedi ilipinda kule mlimani kabla fundi hajaigusa. Kwa muuzaji hakupata hata senti.

Sasa toeni madaftari. Andikeni makubaliano kati yenu na fundi: tarehe, kazi itakayofanywa, vipuri vitakavyowekwa, bei, na nafasi mbili za sahihi. Atakayemaliza kwanza amsomee jirani yake kwa sauti. Juma lijalo tutasoma pamoja karatasi ya mauzo ya motokaa, neno kwa neno. Kwaherini.