TUJIANDAE KABLA YA JANUARI 2028

Maneno ya mwalimu mstaafu, mwanachama wetu, katika Mkutano Mkuu wa mwaka

 

Nimepewa dakika chache niseme kuhusu shule zetu. Nitasema jambo moja tu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaondoka. Mitaala mipya ilianza Januari 2024, na walioingia darasa la tatu mwaka huo ndio watakaokuwa wa kwanza kumalizia darasa la sita.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu 2024 anamaliza darasa la sita 2027. Kaka yake aliyekuwa darasa la nne 2024 anamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Wote wawili wanabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Makundi mawili, mlango mmoja.

Mimi niliyaona ya 2016, ada ilipofutwa. Lilikuwa jambo jema sana, ila sisi walimu tulifungua shule Januari tukakuta watoto wamejaa hadi barazani. Wengine niliwafundisha chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, somo limekwisha. Habari tulikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia, lakini hakuna aliyeketi kuhesabu watoto.

Safari hii tusingoje mvua ndipo tutafute makuti. Naomba mambo matatu.

Kwanza, tuhesabu. Kamati za shule za msingi zote za kata zimpe Afisa Elimu Kata idadi ya watoto wa makundi hayo mawili, na bodi ya sekondari iseme ina vyumba vingapi. Tofauti yake ndiyo kazi yetu, na ipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, iingie kwenye mipango ya halmashauri.

Pili, tuanze msingi. Mnajua utaratibu: wananchi tukifikisha boma kwenye lenta, tunakuwa na la kuonyesha tunapoomba halmashauri ipaue. Asiye na boma huomba kwa maneno matupu. Na tusisahau vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25.

Tatu, mchango huu utoke kwetu watu wazima. Elimu ni bila ada, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango wa ujenzi. Ndiyo maana chama hiki kipo.

Wenzangu mlioko mjini, najua mna kodi za nyumba na ada za wenu. Lakini wengi wetu tulisomea madarasa ambayo wazee hawa walibeba mawe yake kichwani, wengine wao hawajui kusoma. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha aandike tofali, lori la mchanga, au siku zake za kazi.

Watoto hao wawili wapo tayari. Ninawaona kila asubuhi wakipita mbele ya nyumba yangu.