Wasiwasi wa Duara na Sukari ya Damu



Leo tunazungumzia kisukari aina ya 2 na wasiwasi. Anayeishi kwa duara, yaani shimo la dhahabu, anaujua wasiwasi: mawe yamesagwa, udongo unaoshwa mwaloni, na mwenye mtaji keshapiga simu tena. Hapo mwili hujiandaa kana kwamba unakimbia hatari. Adrenalini na kotisoli hupanda, ini likamwaga akiba yake ya sukari kwenye damu. Kwa mwenye kisukari aina ya 2, insulini haifanyi kazi yake sawasawa, hivyo sukari hiyo hukawia kushuka. Ndiyo maana unaweza kupunguza ugali, ukameza vidonge vyako, na bado kliniki wakakuambia imepanda.

Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi. Baadaye watafiti waliyajaribu mafunzo ya namna hiyo kwa wenye kisukari. Msongo ulipungua, na kipimo cha sukari cha miezi 3 nacho kikashuka, ingawa kidogo. Nafuu hiyo ni nyongeza juu ya dawa. Nakusihi, usiache metformini yako.

Ukitaka kujaribu, kaa kwenye kigoda, mbali na vumbi, mgongo wima. Vuta hewa kwa pua, uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, ukisikia tumbo linavyopanda na kushuka. Deni litakujia akilini, na ada ya shule pia. Usigombane na mawazo hayo. Rudi kwenye pumzi. Dakika 10 kila alfajiri zinatosha kuanzia.

Sasa hili lisikupite. Kama unatumia insulini au glibenklamidi, umeshinda bila kula, kisha ukatetemeka, jasho jembamba likakutoka na moyo ukaenda mbio, usikae kutafuta utulivu. Yafanana na hofu, lakini huenda sukari imeshuka mno. Koroga vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, unywe, upime baada ya dakika 15. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, rudia, kisha ule chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na anayeshika kamba juu ajue una kisukari kabla hujashuka duarani.